Kiwanja cha korti kimegeuka jaa: tuanzie wapi?

Swali kutoka kwa msomaji wa Umoja, Nairobi:

"Habari za kazi, mwalimu. Mbele ya korti yetu, yaani kundi letu la nyumba zilizojengwa pamoja, kuna kiwanja cha wazi ambacho zamani watoto walikuwa wakicheza. Sasa upande mmoja ni jaa la takataka, na upande wa pili magari mabovu ya mafundi yanalala. Jioni vijana hucheza mpira katikati. Tumeunda kikundi cha wakazi, kila nyumba imechanga shilingi 500, na fundi wa kuchomelea ametupa bei ya bembea na mtelezo. Wengine wanataka tuzungushe ua na kuweka geti ili watu wa nje wasiingie. Mwakilishi wadi anasema atatusaidia, lakini hiyo ni ahadi ya tangu kampeni. Tuanzie wapi, na hizi pesa tuzitumie vipi?"

Jibu:

Hujambo, dada. Nafurahi umeandika kabla fundi hajalipwa, kwa maana ushauri wangu wa kwanza unamhusu yeye: msinunue bembea kwa sasa. Watoto wa Umoja wanaihitaji sawa na watoto wa Runda, wala sisemi muwanyime. Lakini kwa miaka ambayo nimekuwa nikipanga maeneo ya wazi hapa mjini, viwanja vingi nilivyoona vikifa vilikufa kwa kukosa mwenyewe. Nikisema mwenyewe nina maana mbili: yule anayetambuliwa na karatasi za ardhi, na yule anayeamka asubuhi akakifagia. Wapateni hao wawili kwanza. Mkiwaruka, mtapamba ardhi itakayouzwa na mtu mwingine, au mtajenga kitu kitakachovunjika kabla mwaka haujaisha na asiwepo wa kukitengeneza.

Nianze na karatasi, kwa sababu umetaja magari yanayolala hapo, na hayo yananitia wasiwasi kuliko lile jaa.

Nairobi tumezoea kuzikumbuka zile kesi kubwa. Mwaka 1989 Wangari Maathai alisimama kupinga jumba la ghorofa 60 lililotaka kumeza sehemu ya Uhuru Park. Mwaka 1991 bustani ya Jeevanjee, ambayo iko mjini tangu 1906, nusura igeuzwe maegesho ya magari ya ghorofa, na familia ya aliyeitoa bustani hiyo ikaongoza kuipigania. Mwaka 1999 ikawa zamu ya msitu wa Karura. Januari 2015 watoto wa shule ya msingi ya Lang'ata Road walirushiwa vitoa machozi wakidai uwanja wao wa kuchezea uliokuwa umezungushiwa ukuta. Haya yalijulikana kwa kuwa maeneo yenyewe yana majina na kamera zilifika. Viwanja vya korti, kama hiki chenu, vimekwenda kimyakimya. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilionyesha jinsi ardhi ya umma ya kila aina, viwanja vya michezo vikiwemo, ilivyogawiwa watu kinyume cha sheria.

Na mwendo wake karibu kila mara ni mmoja. Yanaanza magari mabovu, na hakuna anayelalamika kwa sababu hata wakazi wenyewe wanatafuta pa kuegesha. Baadaye inakuja sehemu ya kuoshea magari. Vibanda viwili vitatu vinafuata, vinalipa kodi kwa mtu ambaye hakuna anayemjua vizuri. Asubuhi moja mnakuta mawe ya mpaka yamepandwa. Wiki hiyo hiyo mabati yanazunguka, na lori la mawe ya kujengea linasimama nje. Mkifika kuuliza, kuna mtu ana karatasi mkononi. Yote hayo huchukua muda, na muda huo ndio mlio nao sasa hivi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kikundi chenu ni kupata nakala ya ramani ya upimaji ya eneo lenu kutoka ofisi za Survey of Kenya zilizoko Ruaraka, pamoja na mchoro wa mtaa kutoka idara ya mipango miji ya kaunti. Umoja ulijengwa kwa mpango, nyumba zikipangwa kwa korti, na mpango huo ulitenga nafasi za wazi. Tafuteni kiwanja chenu kwenye mchoro muone kimeandikwa nini: nafasi ya wazi, uwanja wa kuchezea, au matumizi ya umma. Kama kina nambari ya ploti, ombeni rekodi yake rasmi kupitia mfumo wa mtandaoni wa Ardhisasa, ambao umekuwa ukitumika Nairobi tangu 2021. Msishangae mkiambiwa hakina hati yoyote. Nafasi nyingi za umma hazina hati, zinaishi tu kama alama kwenye ramani, na huo ndio mlango wanaoingilia wanyakuzi.

Mkizungushwa ofisini, andikeni barua ya kuomba habari chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu, na isipojibu mnapeleka malalamiko kwa Ombudsman, ofisi inayopokea malalamiko ya wananchi dhidi ya ofisi za umma. Barua moja yenye tarehe na muhuri wa kupokelewa inafanya kazi kuliko kwenda kuuliza kaunta kila wiki. Fungueni faili, na kila karatasi iingie humo.

Ikionekana ni ardhi ya umma, Kifungu cha 62 cha Katiba kinasema kaunti inaishikilia kwa niaba ya wakazi, na Tume ya Kitaifa ya Ardhi inaisimamia. Iandikieni kaunti na Tume mkiomba kiwanja kisajiliwe na kitolewe hati kwa jina la kaunti kwa matumizi ya burudani. Na ikionekana kuna mtu mwenye hati, msikate tamaa. Aprili 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya ardhi iliyokuwa nafasi ya wazi kando ya bahari Mombasa, iliamua kwamba hati iliyotokana na mgao haramu wa ardhi ya umma haimkingi anayeishika, hata kama aliinunua kwa mwingine. Hapo mtahitaji wakili na Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Nakusihi msitie hata mfuko mmoja wa simiti kabla jambo hilo halijaamuliwa.

Sasa yule wa pili, anayeamka asubuhi.

Unaikumbuka Michuki Park, pale karibu na mzunguko wa Globe? Mwaka 2008 John Michuki, akiwa Waziri wa Mazingira, alisafisha ukingo ule wa mto Nairobi uliokuwa jaa na maskani ya gereji, ukapandwa miti, watu wakawa wanapumzika pale wakisubiri matatu. Michuki alifariki 2012. Bustani ikaharibika hadi ikabidi ifufuliwe upya mwaka 2020. Ardhi ilikuwa ile ile na miti ilikuwa imeshaota. Kilichokosekana ni kazi ya kila siku isiyotegemea nguvu za mtu mmoja.

Linganisha na Mathare, ambako chama cha michezo cha vijana, MYSA, kilichoanzishwa 1987, kilifanya usafi wa mtaa kuwa sehemu ya ligi yenyewe: timu inapata pointi kwa kucheza na inapata pointi kwa kuzoa taka. Ni jambo dogo kulisema, lakini lilifunga uchezaji na utunzaji pamoja kwa namna ambayo hotuba haziwezi. Huko Dandora vijana walishindanisha korti zao kwa usafi na upambaji, na korti ambazo zilikuwa madampo zikawa na maua na mageti ya rangi. Hapo kwenu mna vijana wanaocheza jioni, na bila shaka kuna kikundi cha vijana kinachokusanya taka nyumba kwa nyumba. Hao ndio watunzaji wenu. Kaeni nao kabla ya kumwita fundi yeyote, na waingie kwenye kamati wakiwa na sauti kamili, wasiitwe siku ya kubeba mawe tu.

Mkubaliane kwa maandishi: nani anafagia na siku gani, nani anazibua mtaro mvua ikikaribia, nani ana spana ya kukaza nati, nani anapigiwa simu kitu kikivunjika, na analipwa kiasi gani. Nasisitiza malipo. Kujitolea kunadumu miezi michache ya mwanzo, halafu kijana anapata kibarua Industrial Area na huwezi kumlaumu. Ushauri wangu ni kwamba katika kila shilingi 10 mtakazopata, kutoka popote, 3 ziwekwe kwa ajili ya matunzo na zisiguswe kwa ujenzi. Na kama kitu hamuwezi kukitunza kwa michango yenu ya kila mwezi, basi kitu hicho ni kikubwa mno kwenu kwa sasa. Ndiyo sababu, kama mnafikiria choo, nasema kisubiri. Choo kisicho na maji na mtu wa kukikalia kinageuka kero kuliko jaa, na kitafukuza watu kwenye kiwanja chote.

Jisajilini pia. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022 inawawezesha kusajiliwa kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii. Bila cheti hamuwezi kufungua akaunti ya benki kwa jina la kikundi, wala kutia saini makubaliano ya utunzaji na kaunti. Makubaliano hayo ni muhimu, kwa sababu yanampa mtunzaji wenu jibu askari wa kanjo (wa kaunti) akimuuliza anafanya nini pale.

Baada ya hapo ndipo tunaingia kwenye mchoro, na hapa nitakaa kidogo.

Kabla ya kuchora, kitazameni kiwanja. Chagueni siku moja ya kazi, Jumamosi moja na Jumapili moja. Watu wawili wakae na daftari kuanzia alfajiri hadi giza, wabadilishane zamu, waandike kila saa: ni nani wako hapa, wa umri gani, wa kike au wa kiume, wanafanya nini, na wamesimama wapi. Mtaona mambo ambayo hakuna aliyeyasema mkutanini. Asubuhi na mapema watoto wa shule wanakata kona wakielekea barabarani. Mchana kuna yaya na watoto wadogo wamejibana kwenye kivuli cha ukuta wa nyumba ya mtu. Saa kumi jioni wavulana wanafika na mpira, na wale wadogo wanakimbilia pembeni. Jua likizama, wanawake wanazunguka mbali badala ya kukatiza.

Tazama hasa wasichana. Jijini Vienna, katika miaka ya 1990, watafiti waligundua kwamba wasichana wakishafika miaka tisa hivi hupotea kwenye bustani za umma huku wavulana wakibaki, na bustani mbili zikapangwa upya mwaka 1999 kwa ajili hiyo. Hapa Eastlands, upande wa mashariki wa Nairobi, hatuhitaji mtafiti kuliona. Uwanja mmoja mkubwa katikati huchukuliwa na wenye nguvu zaidi, na wengine hubaki kuwa watazamaji. Dawa yake ni kugawa nafasi: mpira uwe na eneo lake lenye mipaka, na kuwe na kipande kingine, ambacho si njia ya kwendea mpirani, cha netiboli au voliboli, chenye viti vilivyoelekeana ili wasichana watano sita wakae wakizungumza. Waulizeni wao wenyewe, na mkutano wao ufanywe pasipo baba na kaka zao.

Ile njia ya mkato iliyokanyagwa na watoto wa shule msiizibe kwa maua. Iwekeni kabro (matofali ya kutandika chini) au mawe bapa, iwe na upana wa kupishana kiti cha magurudumu na mama mwenye mtoto, mita moja na nusu hivi, na ijengeni isiyo na ngazi. Watu wakipita wengi mchana kutwa, kiwanja kinapata macho bila kulipa mlinzi. Kwa sababu hiyo hiyo msimfukuze mama mboga wa pembeni. Mpeni sehemu rasmi kwenye ukingo, iliyo na kivuli, na masharti ya usafi. Wenye bodaboda vilevile wapewe mstari wao nje ya kiwanja, wasiingie ndani.

Sasa mchoro wenyewe. Kibera, uwanja wa Silanga ulipopangwa kwa msaada wa UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, vijana walitumia mchezo wa kompyuta wa Minecraft kuonyesha wanachotaka. Ninyi mna kitu rahisi zaidi: chokaa. Chukueni ile wanayochorea mistari ya uwanja wa mpira, mkachore kila kitu ardhini kwa ukubwa wake halisi. Hapa benchi, hapa bembea, hapa njia, hapa mti utakapofika kivuli chake. Azimeni mabenchi ya kanisa, muyaweke mahali palipochorwa, muache hivyo kwa wiki mbili. Wazee wakiyasogeza mabenchi kufuata kivuli cha saa tisa, basi hapo ndipo pa kuyajenga. Watoto wakigongana kati ya bembea iliyochorwa na goli, mmegundua kosa ambalo lingewagharimu zege. Nimeona mabishano ya mikutano mirefu yakiisha kwa dakika chache watu waliposimama juu ya mstari wa chokaa.

Halafu udongo. Huko Embakasi na Umoja mko juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka mipasuko ya kuingiza mkono wakati wa kiangazi. Benchi la zege likimwagwa juu yake bila msingi litainama na kupasuka baada ya misimu michache. Chimbeni mpaka mfikie tabaka gumu, au muondoe ule mweusi na kujaza mawe na maramu iliyoshindiliwa. Nendeni kiwanjani wakati wa masika, mvua kubwa inaponyesha, mkiwa na vijiti. Chomekeni kijiti kila mahali maji yanaposimama, kisha siku inayofuata chomekeni vingine palipobakia na tope. Vijiti hivyo vitawaambia mtaro upite wapi. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalituonyesha wote maji yanakwenda wapi mitaro ikizibwa, na kiwanja kilichoinamishwa vizuri kinaweza kuyapokea maji ya korti nzima na kuyaachilia polepole.

Miti ipandwe mvua inapoanza, mwishoni mwa Machi au Oktoba, na kila mti uwe na nyumba inayoumwagia maji katika ule ukavu wa Juni hadi Septemba. Mkinduri unavumilia na unatoa kivuli kizuri, mringaringa pia. Mgunga wa manjano unaupenda udongo mweusi lakini una miiba, basi ukae mbali na watoto. Mkaratusi msipande, unakunywa maji mengi na matawi yake huanguka. Kwa miche nendeni kwenye vitalu vya idara ya misitu pale Karura, au kwa watafiti wa misitu wa KEFRI kule Muguga, na waelezeni udongo wenu ulivyo kabla ya kununua.

Nyasi za katikati ya uwanja wa mpira msizililie. Mbele ya goli zitakufa tu. Jengeni magoli yanayohamishika ili kila baada ya miezi kadhaa muyasogeze, sehemu iliyochakaa ipumzike. Lakini yafungwe ardhini kila yanaposimamishwa, maana goli linaloanguka linaua mtoto.

Turudi kwa fundi wako na bembea. Wakati wake ukifika, mwangalie anapofanyia kazi zake, muulize mambo haya. Ile sehemu mnyororo unapokutana na bomba la juu, ataiwekea nini? Wengi huchomelea pete kwenye bomba, pete inasugua pete, na baada ya miezi inalika mpaka inabaki nyembamba kama waya. Mtoto mzito akipanda, inakatika. Taka sehemu hiyo iwe na beringi au bushi inayoweza kubadilishwa, na uonyeshwe inavyobadilishwa. Kiti kiwe cha mpira wa gurudumu lililokatwa, wala kisiwe cha chuma wala mbao, kwa sababu kiti ndicho kinachompiga usoni mtoto anayepita mbele. Nguzo zifungwe ndani ya zege lililozama chini ya usawa wa ardhi, lisitokeze juu. Mwisho wa mabomba uzibwe, usiwe wazi. Na chini yake kusiwe na simiti, kabro wala maramu iliyoshindiliwa. Wekeni mchanga wenye kina cha sentimita 30 hivi, uwe unapekuliwa na kujazwa kila mwezi, na kila upande wa kifaa kubaki nafasi tupu isiyopungua mita mbili, huku mbele na nyuma ya bembea ikiongezwa zaidi. Mtelezo wa chuma uelekee kaskazini au uwe chini ya mti, la sivyo Februari utachoma mapaja ya watoto.

Kuna suala la wizi pia. Vyuma vyepesi vitaenda kwa wauza skrapu usiku mmoja. Kwa hiyo mimi ningeanza na vitu ambavyo haviuziki: vilima vya udongo vya kupanda na kuteleza, magogo ya kuruka, matairi yaliyofukiwa nusu, mawe makubwa yaliyolainishwa, mistari ya michezo ya kuruka iliyopakwa rangi kwenye sakafu. Watoto watavitumia kuliko unavyodhani, na mtakuwa mmejipa mwaka mzima wa kujifunza kutunza kabla ya kununua chuma.

Kuhusu ua na geti, najua nitawaudhi baadhi ya majirani zako. Hofu yao naielewa. Kuna wizi, na kuna watu wanaokaa hapo usiku kuvuta bangi. Lakini kama ni ardhi ya umma, hamna haki ya kumfungia nje mtoto wa korti ya pili. Hata kando ya sheria, kiwanja kilichofungwa kinapungukiwa watu, na kiwanja kisicho na watu ndicho wanachokitaka wale mnaowaogopa. Kuna hatari nyingine inayosahaulika: siku mnyakuzi atakapokuja, atakuta ukuta umeshajengwa tayari, na korti za jirani hazitasimama nanyi kwa kitu walichofungiwa nje. Kinachotakiwa kuzuiwa ni magari. Pigeni nguzo fupi za zege kuzunguka kiwanja chote, zikiachana kiasi cha kiti cha magurudumu kupita na gari kushindwa, kisha pandeni ua wa mimea usiozidi kiuno ili mtu aliye nje aone ndani. Magari ya mafundi wapeni notisi ya heshima, muwatafutie nafasi nyingine pamoja na chifu na ofisi ya wadi. Msiwaburute, nao wana familia. Taa ni muhimu kuliko geti: kama kuna mulika mwizi (ile taa ndefu ya mtaa) iliyokufa karibu nanyi, kuifufua ndiyo kazi ya kwanza ya kumpa mwakilishi wadi wenu.

Na tukimzungumzia huyo. Bustani na viwanja vya burudani ni kazi ya kaunti, imeandikwa kwenye Jedwali la Nne la Katiba. Kwa hiyo hamwombi hisani. Lakini ahadi ya mdomo haiingii kwenye bajeti. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata lazima ufike bunge la kaunti kufikia Septemba 1, mwelekeo wa matumizi unawekwa Februari, na makadirio yenyewe yanapelekwa kufikia Aprili 30. Watu wengi hujitokeza Mei, kwenye vikao vya kutoa maoni kuhusu makadirio, wakati fedha zimeshagawanywa. Pelekeni pendekezo lenu lililoandikwa mwezi Julai au mwanzoni mwa Agosti, kurasa mbili tu: nakala ya ramani, hesabu zenu za watumiaji, picha za mchoro wa chokaa, cheti cha kikundi, na orodha fupi ya kazi ambazo wakazi hawawezi kuzibeba, yaani mtaro mkubwa, taa na njia. Nakala kwa mwakilishi wadi, kwa msimamizi wa wadi, na kwa idara inayohusika na mazingira. Mwombeni mwakilishi wadi awaonyeshe mstari wenye jina la kiwanja chenu kwenye mpango ulioidhinishwa. Kama haupo, hakuna pesa, hata akiwaahidi mbele ya kanisa zima.

Mkipata pesa za kaunti, ombeni kazi ifanywe kwa vipande. Uhuru Park ilifungwa 2021 kwa ukarabati na watu wakakaa nje zaidi ya mwaka. Mji mkubwa unaweza kuvumilia hilo. Watoto wa korti yenu hawana pengine pa kwenda, na kiwanja kikifungwa miezi mingi watahamia barabarani.

Sasa zile shilingi 500. Msizirudishe, kwa sababu mchango mara ya pili ni mgumu kuliko wa kwanza. Ziwekeni benki kwa saini za watu watatu wasio wa nyumba moja, mmoja wao awe kijana na mmoja awe mwanamke, na kila mwisho wa mwezi bandikeni ukutani karatasi ya kilichoingia na kilichotoka. Toeni kwanza za nakala za ramani, rekodi ya ardhi na usajili wa kikundi. Zinazofuata ni za kuzoa lile jaa mara moja kwa lori. Siku hiyo hiyo, kabla ya jioni, wekeni kitu mahali pake, hata kama ni magogo ya kukalia na matairi ya watoto, kwa sababu jaa lililoachwa wazi usiku mmoja linarudi. Mjulisheni kila jirani, na yule wa mkokoteni, taka zinakopelekwa kuanzia siku hiyo na ni nani anayezichukua. Zitakazobaki zilipe vijana wa usafi kwa miezi mitatu ya mwanzo. Fundi wa bembea mwambieni mtamrudia mwakani, na mumwombe awakatie matairi.